Kusafiri Nje ya Nchi na Droni ya Burudani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Uganda

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Uganda, mwenye droni ndogo ya kamera anayoirusha kwa kujifurahisha, ambaye anapanga kuvuka mpaka nayo, iwe kwa basi la usiku la Nairobi au kwa ndege ya kwenda Ulaya. Wageni wanaokuja Uganda na droni zao watapata majibu yao karibu na mwisho. Sheria za droni hubadilika haraka. Kwa hiyo takwimu utakazozikuta hapa uzilinganishe na tovuti ya mamlaka ya nchi unayokwenda kabla hujalipia tiketi.

Droni yangu ni ndogo na nairusha kwa kujifurahisha tu. Kwa nini nihitaji ruhusa ya nchi nyingine?

Kwa sababu mbele ya sheria droni ni chombo cha anga, hata ikiwa inaingia mfukoni. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Uganda ni mwanachama wake, unaanza kwa kutambua kwamba kila dola ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga la ardhi yake. Kifungu cha 8 cha mkataba huo kinasema kwamba chombo kinachoweza kuruka bila rubani hakitarushwa hivyo juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Mkataba uliandikwa Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa, na waandishi wake hawakuwa na habari ya kifaa cha gramu 249 kinachouzwa dukani pamoja na simu. Hata hivyo kanuni yao ndiyo inayokitawala kifaa hicho hadi leo.

Kutokana na kanuni hiyo, ruhusa ya kurusha droni hufungamana na anga la nchi iliyoitoa, wala haimfuati mwenye droni anakokwenda. Kurusha kwa burudani hupunguza masharti katika baadhi ya nchi, lakini ni nadra sana kuyaondoa yote.

Kitambulisho cha taifa kinanivusha Busia na Katuna bila pasipoti. Je, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA, nacho kinavuka?

Hakivuki. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa, na mtalii anaweza kupata viza moja ya nchi hizo tatu, ila makubaliano hayo yanahusu watu. Kwa upande wa droni, kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mamlaka yake ya anga, kanuni zake na fomu zake, na hakuna kibali kimoja kinachotambuliwa na zote. Anayezunguka Kampala, Nairobi, Arusha na Kigali kwa safari moja anapaswa kuomba ruhusa katika kila nchi atakayorusha, na kwa zile atakazopita tu bila kurusha, aulize mapema forodha itamtaka afanye nini na kifaa kilichomo begini.

Nikienda Kenya nifanye nini?

Kenya ilitoa kanuni zake za ndege zisizo na rubani mwaka 2020, na tangu hapo droni zinaruhusiwa kwa masharti. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Umiliki wa droni chini ya kanuni hizo umewekewa raia au mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18, kampuni zilizosajiliwa nchini humo, na serikali kuu na za kaunti. Mgeni huingia kwa mlango mwingine, yaani kuomba KCAA ruhusa ya kuingiza droni kwa muda kabla hajafika, na kuibeba barua ya ruhusa hiyo mkononi.

Urefu wa kuruka haupaswi kuzidi futi 400 kutoka ardhini, ambazo ni karibu mita 120. Mbuga za wanyama hazimo katika ruhusa ya kawaida, kwa maana huko ni lazima pia kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Tunalisisitiza hili kwa sababu Maasai Mara na Amboseli ndizo picha ambazo kila mwenye droni anazitamani, na ndizo ngumu kuzipata kihalali.

Na Tanzania?

Tanzania inahitaji subira zaidi. Ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, huambatana na idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na idhini hiyo ya pili ndiyo inayochukua muda. Omba wiki kadhaa kabla ya safari. Anayefika Mutukula akitumaini kumaliza shughuli hiyo dirishani atarudi na droni yake au ataiacha forodha. Hifadhi za taifa ziko chini ya shirika lake, TANAPA, na bonde la Ngorongoro lina mamlaka yake, na kila moja inatoa kibali chake kwa kazi za kupiga picha kutoka angani. Zanzibar uiulize kivyake, kwa maandishi, ukitaja fukwe au mitaa unayokusudia kuipiga picha. Usichukulie kwamba karatasi uliyopewa Dar es Salaam inakutosha Nungwi au Mji Mkongwe.

Rwanda inasifiwa kwa droni zinazopeleka damu hospitalini. Basi huko si rahisi?

Watu wengi hufikiri hivyo, na sababu yao inaeleweka. Kampuni ya Zipline ilianza kusambaza damu kwa droni nchini Rwanda mwaka 2016, na ndege zake zimekuwa sehemu ya kawaida ya anga la huko. Lakini kampuni hiyo inaruka kwa makubaliano maalumu na serikali, chini ya uangalizi wa mamlaka ya anga, na hilo halimpi mgeni haki yoyote. Ukilitazama vizuri, linaongeza sababu ya kumdhibiti: anga linalopitiwa na ndege zilizobeba damu ya wagonjwa halifai kuingiliwa na mtu anayetafuta picha ya machweo. Omba ruhusa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Rwanda kabla ya kufika mpakani, na usiwashe kifaa hadi uwe nayo.

Vipi kuhusu Kongo na Sudan Kusini?

Iache droni nyumbani. Katika maeneo yenye mapigano, droni ni silaha na ni jicho la adui, na askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani hana wajibu wa kuamini kwamba yako ni ya kupiga picha za harusi. Ushauri huu unahusu vituo vya mpakani vya Mpondwe na Elegu sawasawa.

Ninapanda mlima ulio mpakani. Nikirushia upande wa Uganda, nina tatizo gani?

Tatizo ni kwamba droni haioni mpaka. Kilele cha Sabyinyo, katika milima ya Virunga, ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Muhabura umegawanywa kati ya Uganda na Rwanda. Elgon ni wa Uganda na Kenya. Ruwenzori ni wa Uganda na Kongo. Droni ya kawaida huenda zaidi ya mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo upepo wa mlimani na kidole kilichochelewa kwenye rimoti vinatosha kuifikisha nchi nyingine kabla hujamaliza kushangaa. Kisheria hapo umeingiza chombo cha anga katika nchi ya kigeni bila idhini, na hukusogea hata hatua moja. Isitoshe, sehemu hizo upande wa Uganda ni hifadhi za taifa, na ruhusa ya kurushia humo inahitajika kwanza.

Kuna pia suala la kimo. Kikomo cha mita 120 hupimwa kutoka ardhini ulipo, si kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hakikuzuii kurusha mahali palipo juu. Kinachokuzuia ni hewa nyepesi. Watengenezaji hutaja kimo cha juu kabisa cha kurukia, na kwa droni ndogo nyingi ni kama mita 3,000 au 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Margherita, katika Ruwenzori, kina mita 5,109 na Kilimanjaro mita 5,895. Anayeibeba droni hadi huko anabeba mzigo ambao pengine hautaruka hata kama kibali kipo.

Ni nchi zipi ambazo nisithubutu kabisa kwenda na droni?

Orodha kamili haiwezekani, lakini ziko tatu ambazo Waganda huzitembelea kwa sababu nyingine kabisa na hujikuta matatani uwanjani.

Ya kwanza ni Misri. Sheria namba 216 ya mwaka 2017 inakataza kuingiza, kumiliki, kuuza au kutumia droni bila idhini ya Wizara ya Ulinzi, na adhabu zake ni pamoja na kifungo. Zingatia kwamba kosa linaanzia kwenye kuingiza na kumiliki, hivyo kusema "sikuirusha" hakukusaidii. Anayelala Cairo usiku mmoja kusubiri ndege ya kesho yake, akatoka uwanjani na mizigo yake, ameiingiza droni Misri.

Ya pili ni Morocco, ambayo tangu mwaka 2015 inazuia kuingiza droni bila kibali. Mashabiki wa Uganda Cranes waliokwenda huko kwa Kombe la Mataifa ya Afrika walikutana na utaratibu huohuo unaowakuta watalii wote: kifaa kisicho na kibali huzuiwa forodhani.

Ya tatu ni India, wanakokwenda wengi kwa matibabu na masomo. Tangu Februari 2022 India imepiga marufuku kuingiza droni zilizokamilika kutoka nje, isipokuwa kwa utafiti, ulinzi na usalama. Anayemsindikiza mgonjwa Chennai au New Delhi ana mambo ya kutosha ya kushughulikia bila kuongeza kesi ya forodha.

Dubai je? Ndugu zangu wengi wanafanya kazi huko.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulisimamisha urushaji wote wa droni za burudani Januari 2022, siku chache baada ya shambulio la droni na makombora dhidi ya Abu Dhabi. Tangu Januari 2025 zuio limekuwa likilegezwa kwa watu binafsi wanaojisajili kwenye jukwaa la kitaifa na kurusha katika maeneo yaliyoruhusiwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba duka kukuuzia droni hakumaanishi kuwa mtaa ulio nje ya duka hilo unaruhusu kuirusha. Ukiinunua huko, ibaki ndani ya boksi lake.

Ninakwenda Hija au Umra. Naweza kuchukua picha kutoka juu?

Hapana. Saudi Arabia inataka kibali cha mamlaka yake ya anga kwa kila droni, na maeneo matakatifu yako chini ya ulinzi mkali. Nia njema ya mwenye kuhiji haibadilishi chochote hapo.

Ulaya kuna nchi nyingi. Nijisajili katika kila moja?

Hapa ndipo penye habari njema. Tangu tarehe 31 Desemba 2020 nchi za Umoja wa Ulaya zinatumia kanuni moja, na Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi zinaifuata pia. Mgeni asiye mkazi hujisajili mara moja tu, katika nchi ya kwanza ambako anakusudia kurusha. Angalia maneno hayo: nchi ya kwanza ya kurusha, ambayo huenda isiwe nchi ya kwanza ya kutua. Ukitoka Entebbe ukashukia Brussels, ukaunganisha hadi Berlin na kuanza kurusha huko, usajili wako ni wa Ujerumani. Namba unayopewa huibandika kwenye droni, na kwa droni zenye mfumo wa kujitambulisha kwa mawimbi ya redio huiingiza pia katika mfumo huo.

Kwa droni ya gramu 250 na zaidi utafanya mtihani wa mtandaoni wenye maswali 40, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Cheti chake hudumu miaka mitano na kinakubalika katika nchi zote zinazofuata kanuni hiyo. Urefu wa juu ni mita 120, droni lazima ibaki machoni pako muda wote, hairuhusiwi kupita juu ya mikusanyiko ya watu, na usiku lazima iwe na taa ya kijani inayowakawaka.

Kuna mtego mmoja kwa droni za zamani. Tangu tarehe 1 Januari 2024 droni mpya zinazoingia sokoni Ulaya huwa na alama ya daraja, kuanzia C0, na alama hiyo ndiyo inayoamua unaweza kusogelea watu kiasi gani. Droni isiyo na alama, yenye uzito wa gramu 250 au zaidi, huwekwa katika kundi linalotakiwa kukaa angalau mita 150 kutoka maeneo ya makazi, biashara na burudani, ambayo kwa mtalii wa mijini ni sawa na kuambiwa asirushe.

Mambo mawili yameachiwa kila nchi: ramani ya maeneo yaliyokatazwa, na bima kwa droni ndogo. Ujerumani, kwa mfano, inadai bima ya madhara kwa watu wengine kwa kila droni, hata ile nyepesi.

Uingereza bado inafuata kanuni za Ulaya?

Haifuati tena, na usajili wa Ulaya hautambuliwi huko. Kuna namba mbili: moja ni ya anayerusha, ambayo hupatikana kwa mtihani wa mtandaoni, na nyingine ni ya mwenye dhamana ya chombo, ambaye lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kiwango cha uzito kinachodai namba ya kwanza kimeshushwa hadi gramu 100, na namba ya pili inadaiwa ikiwa droni ya uzito huo ina kamera. Mgeni hana msamaha. Yule aliyenunua droni ya gramu 249 kwa kuambiwa kwamba "chini ya 250 huhitaji kitu" ameachwa nyuma na sheria.

Marekani wanataka nini?

Anayerusha kwa burudani hufanya mtihani wa bure uitwao TRUST, ambao ni wa kukuelimisha zaidi ya kukutega, na hubeba cheti chake. Droni yenye uzito wa zaidi ya gramu 250 lazima iandikishwe kwa Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, kwa dola 5 zinazodumu miaka mitatu. Mgeni hupitia mfumo huohuo, ingawa kwake FAA hukichukulia cheti cha uandikishaji kama utambuzi wa umiliki. Droni inayotakiwa kuandikishwa lazima pia itangaze utambulisho wake kwa redio. Katika anga lisilodhibitiwa kikomo ni futi 400, na karibu na viwanja vya ndege unaomba idhini kwanza kupitia programu za simu zilizoidhinishwa na FAA.

Hifadhi za taifa kama Yellowstone na Grand Canyon zimefungwa kwa droni tangu 2014, na mkosaji anaweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa faini ya hadi dola 5,000. Viwanja vya michezo vyenye viti 30,000 au zaidi huzungukwa na eneo la marufuku la maili tatu za baharini kuanzia saa moja kabla ya mechi kubwa hadi saa moja baada yake. Washington, kwa umbali wa maili 15 kutoka uwanja wa ndege wa Reagan, isahau.

Nina chaneli ya YouTube inayoniingizia fedha kidogo. Bado ni burudani?

Inategemea upo wapi, na swali hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko linavyochukuliwa. Marekani, msamaha wa burudani unamhusu anayerusha kwa ajili ya kujifurahisha peke yake. Picha zilizokusudiwa kuingiza kipato zinakutoa humo na kukutaka uwe na leseni ya rubani wa droni za kazi. Ulaya, kinyume chake, haijali fedha: inapima uzito wa droni na ukaribu wake na watu, iwe unalipwa au hulipwi. Afrika Mashariki, ukiulizwa madhumuni kwenye fomu, jibu kweli. Afisa anayeona umeandika "matembezi" kisha akakuta chaneli yako ina matangazo ana sababu ya kutilia shaka kila kitu kingine ulichoandika.

Rafiki yangu anaoa London na familia inataka picha za droni kama za kwanjula (sherehe ya utambulisho) ya nyumbani. Inawezekana?

Inawezekana ikiwa droni haitapita juu ya wageni waliokusanyika, na ikiwa mwenye ukumbi amekubali. Hata droni nyepesi haziruhusiwi juu ya umati. Pendekezo letu ni kumlipa mtu wa huko mwenye leseni na bima. Utakaa kwenye meza ya ndugu badala ya kutazama kioo cha rimoti.

Betri nizifunge wapi?

Betri za ziada hazipandi kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege; hukaa nawe katika mzigo wa mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake au imewekwa kwenye mfuko wake ili zisigusane na chuma. Kipimo kinachotazamwa ni wati-saa. Kama haikuandikwa kwenye betri, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya ampea-saa 5 na volti 15.4 ina wati-saa 77. Betri isiyozidi wati-saa 100 inakubalika kwa kawaida, kati ya 100 na 160 inahitaji ridhaa ya shirika la ndege na haizidi mbili za ziada, na zaidi ya 160 hairuhusiwi kwa abiria. Betri za droni ndogo nyingi ni kama wati-saa 18 tu, kwa hiyo hofu ya watu wengi haina msingi; wanachokosea ni kuzisahau ndani ya sanduku kubwa.

Droni yenyewe, bila betri, ni suala la shirika. Yapo yanayoikubali kama mzigo wa mkononi na yapo yanayodai ipakiwe chini. Soma masharti ya kila shirika utakalopanda, si lile la kwanza tu.

Nikipita nchi inayokataza droni bila kutoka uwanjani, nina hatari?

Kama mizigo imeunganishwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari na wewe hutoki eneo la wasafiri wanaounganisha, kwa kawaida hupiti forodha. Hatari huja ndege inapoahirishwa ukapelekwa hoteli, au ulipokata tiketi mbili tofauti na kulazimika kuchukua begi na kulikabidhi upya. Epuka tiketi za namna hiyo katika nchi tulizozitaja.

Niitangaze forodhani au ninyamaze?

Itangaze. Mashine ya kukagulia mizigo huiona droni kwa urahisi, maana mikono yake minne na betri zake haifanani na kitu kingine begini. Aliyetangaza na kukosa kibali, mara nyingi huombwa aiache akabidhiwe wakati wa kuondoka, kwa stakabadhi. Aliyeficha anaanza kuelezea kwa nini alificha. Beba risiti ya ununuzi, nakala ya usajili, barua ya kibali iliyochapishwa kwenye karatasi, na picha inayoonyesha namba ya utambulisho ya chombo. Kabla ya kuondoka Uganda, mwombe afisa wa mamlaka ya mapato, URA, aiandike namba hiyo, ili ukirudi usidaiwe ushuru kama mtu aliyenunua kitu kipya ng'ambo.

Programu ya droni inaniruhusu kupaa. Si inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Ramani ya mtengenezaji si sheria, na DJI, kampuni inayotengeneza droni, yenyewe iliondoa vizuizi vyake vya lazima nchini Marekani Januari 2025, ikimwachia anayerusha wajibu wa kujua mahali alipo. Droni inaweza kuwaka na kupaa vizuri kabisa juu ya kambi ya jeshi.

Kuna sheria za faragha pia?

Zipo, na zinasimama kando ya sheria za anga. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Ulaya ina yake. Kibali cha kuruka hakikupi ruhusa ya kumpiga picha mtu uani kwake. Kijijini, kokote Afrika Mashariki, anza kwa mwenyekiti au mzee wa eneo, kwa sababu malalamiko mengi dhidi ya droni huanzia kwa jirani kabla hayajafika kwa polisi.

Mimi ni mgeni ninayekuja Uganda na droni. Nianzie wapi?

Anzia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA, yenye makao yake Entebbe, ambayo inasimamia kanuni za mwaka 2020, na upate pia idhini ya Wizara ya Ulinzi ya kuiingiza nchini. Yote mawili yafanyike kabla ya safari. Droni inayofika Entebbe bila karatasi hizo hubaki forodhani. Kwa Bwindi, Queen Elizabeth, Murchison na hifadhi nyingine, Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, ina kibali chake, na waongozaji wa matembezi ya sokwe hawatakubali mlio wa droni karibu na familia ya wanyama hao.

Mjini, kaa mbali na Ikulu za Entebbe na Nakasero, kambi za jeshi na viwanja vya ndege, ukikumbuka kwamba fukwe za Entebbe ziko jirani sana na njia za kurukia, na kwamba kati ya Entebbe na Kampala kuna kiwanja kidogo cha Kajjansi chenye ndege zinazoruka chini. Jinja nayo, pamoja na uzuri wa chanzo cha Nile, ina bwawa la umeme na kambi ya jeshi. Wanaopanga kuja kwa Kombe la Mataifa la 2027, ambalo Uganda itaandaa pamoja na Kenya na Tanzania, waziache droni kwao: hakuna kiwanja cha mashindano ya ukubwa huo kitakachoruhusu shabiki kurusha.

Mimi ni mkazi wa Uganda, nimenunua droni Guangzhou. Nirudi nayo tu?

Utaratibu ni uleule wa mgeni: idhini kwanza, mzigo baadaye. Kuwa raia kunakurahisishia kufuatilia ofisini, wala hakukuondolei hitaji la idhini. Wafanyabiashara wanaoahidi "kuipitisha" kwenye kontena wanakuuzia kifaa ambacho hutaweza kukisajili.

Bima yangu ya safari inalipia droni ikimwangukia mtu?

Soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Bima nyingi za safari huondoa madhara yatokanayo na vyombo vya anga, na droni imo. Tafuta bima ya droni inayotaja nchi unayokwenda kwa jina.

Droni ikinipotea nchi ya watu?

Usiruke ukuta wala kuingia shamba la mtu kuifuata. Andika mahali pa mwisho ilipoonekana kwenye ramani ya programu, mtafute mwenye eneo, na kama imeangukia uwanja wa ndege, kambi au barabara kuu, piga simu polisi mara moja wewe mwenyewe kabla hawajakutafuta. Toa taarifa kwa mamlaka iliyokupa kibali, maana namba iliyobandikwa juu yake ni yako. Pata pia hati ya polisi ya kupotelewa: forodha ya nchi iliyokuruhusu kuiingiza kwa muda itakuuliza droni iko wapi wakati wa kuondoka, na bila hati hiyo inaweza kukutoza ushuru kwa dhana kwamba umeiuza.